Anza na Kichwa, Baruti Baadaye

Neno letu "risasi" limebebeshwa mizigo mitatu. Ni yale madini mazito ya kijivu yanayoyeyuka hata juu ya jiko la mkaa. Ni kile kipande kinachoruka na kutoboa. Tena ni kitu kizima kinachopakiwa kwenye bunduki, pamoja na ganda, fataki na baruti yake. Mtaani utata huu haumsumbui mtu. Anayejijazia risasi mezani kwake hawezi kwenda nao hata dakika tano. Basi tupatane: humu risasi ni kitu kizima, kichwa ni kile kinachoruka, na madini nitayataja kwa jina lake refu, madini ya risasi.

Ninayemwandikia ni mlengaji wa shabaha mwenye bunduki yenye leseni, anayeishi mahali ambapo sheria inamruhusu kujaza risasi zake mwenyewe, kama Uingereza, Marekani, Kanada au Afrika Kusini. Ukiwa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimwachii mtu binafsi atengeneze risasi bila idhini, na Tanzania nako mambo ni makali vivyo hivyo. Usinunue hata kalibu moja ya kujazia risasi kabla hujapata karatasi mkononi. Vilevile humu hutaona kipimo chochote cha baruti. Hicho kinatafutwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa kichwa au wa baruti, tena toleo la karibuni, na unaanzia kwenye kipimo cha chini.

Nitashika mfano mmoja nisiuachie: bunduki ya shabaha kama inavyopigwa Bisley, katika jimbo la Surrey, Uingereza. Risasi ni .308 Winchester. Mlengaji amelala kifudifudi, mkanda umembana mkono, anachungulia kwenye kitundu bila darubini juu ya mtutu, na shabaha iko kati ya yadi 300 na yadi 1,000, yaani mita 274 hadi 914. Chama cha bunduki cha taifa kilianzishwa mwaka 1859, na mwaka uliofuata Malkia Victoria alifyatua risasi ya ufunguzi wa mashindano kule Wimbledon kwa kuvuta kamba tu, bunduki ikiwa imefungwa kwenye kitako cha chuma. Ilikuwa bunduki ya Whitworth, yenye mtutu wa pembe sita na kichwa kilichochongwa pembe sita kuufuata. Mashindano yalihamia Bisley mwaka 1890. Pembe sita zilipitwa na wakati, ila lile wazo la kwamba kichwa na mtutu ni mke na mume halijapitwa.

Mwaka wangu wa kwanza mezani nilipima baruti kama sonara apimavyo dhahabu ya mahari. Nilinunua mizani ya bei mbaya, nikapanga maganda kwa uzito, nikasafisha hata vishimo vya fataki. Makundi yangu, yaani matundu ya risasi zangu kwenye shabaha, yakabaki mapana kama sinia kwenye yadi 1,000. Mzee mmoja aliyelala kwenye mkeka wa jirani alichukua kichwa kimoja kutoka kwenye boksi langu, akakigeuza juu chini, akakitazama kitako kwa kioo cha kukuzia, akanirudishia bila neno. Kitako kilikuwa na ukingo uliopinda kidogo. Vichwa vile nilivinunua kwa sababu vilikuwa rahisi.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja: naangalia umbali, nauchagulia umbali huo kichwa, nahakikisha mtutu wangu unakikubali, ndipo baruti na mengine yanakuja kukitumikia. Wengi hufanya kinyume. Wana baruti waipendayo, halafu wanatafuta kichwa cha kuitumia.

Sehemu za kichwa

Kichwa kina ncha, kina mchongoko unaotoka kwenye ncha hadi kinapofikia unene wake kamili, kina kiwiliwili kilichonyooka kinachobanwa na mtutu, na kina kitako. Ndani kuna kiini cha madini ya risasi. Nje kuna koti la shaba iliyochanganywa na zinki kidogo. Ndani ya mtutu nako kuna mifuo iliyochongwa kwa msokoto, na kati ya mfuo na mfuo kuna tuta, kama shamba la viazi. Matuta ndiyo yanayouma koti na kukizungusha kichwa. Mahali matuta yanapoanzia, mbele tu ya chemba, nitapaita koo.

Kitako ndicho usukani

Macho ya mnunuzi hukimbilia ncha. Ni kosa la kueleweka, maana ncha ndiyo inayotangulia. Lakini Franklin Mann, daktari wa Milford, Massachusetts, aliyetumia miaka mingi kupiga bunduki kutoka kwenye nguzo ya zege, alichapisha kitabu mwaka 1909 akieleza alivyoharibu vichwa makusudi, vingine nchani, vingine kitakoni. Vilivyoumizwa ncha viliendelea kwenda karibu na vingine. Vilivyoumizwa kitako vilitawanyika.

Sababu yake iko kwenye mdomo wa mtutu. Kichwa kinapotoka, gesi bado iko nyuma yake kwa shinikizo kubwa, na kwa kitambo kifupi mno inakipita kwa pande zote. Kitako kikiwa mviringo kamili na kikikaa kwa pembe mraba na kiwiliwili, gesi inachomoka sawasawa pande zote. Kikiwa na kasoro upande mmoja, gesi hutorokea huko kwanza, nayo hukisukuma kichwa kikaanza safari kimeinama. Mtu akikusukuma begani wakati unaruka mtaro, hutatua pale ulipokusudia.

Hapa ndipo unapopata jibu la swali ambalo kila mgeni huuliza: kwa nini vichwa vya mashindano vina kitundu nchani, hali si vya kuwindia? Kichwa cha kijeshi cha kawaida hutengenezwa kwa kuvuta koti kutoka nchani kwenda nyuma, halafu ukingo wake hukunjwa kitakoni, na madini ya risasi hubaki wazi pale chini. Mkunjo huo ni mgumu kuufanya sawa kila mara. Kichwa cha shabaha hugeuzwa: koti huanzia kitakoni likiwa limefungwa na laini, kiini huingizwa kutoka mbele, kisha mchongoko hubanwa hadi kinabaki kitundu kidogo. Kasoro inayobaki imepelekwa nchani, mahali ambapo daktari Mann alishaona haina madhara makubwa.

Ukinunua, basi, chukua vichwa kumi, visimamishe juu ya kioo, vitazame vitako kwenye mwanga wa pembeni. Kikiyumba, weka kando. Kazi hii ni ya dakika mbili na haihitaji chombo.

Kitako chenyewe kina maumbo mawili makuu. Cha kwanza ni bapa. Ni rahisi kukitengeneza kikamilifu, ndiyo maana wapigaji wanaolaza bunduki juu ya meza na kushindana kwa makundi madogo kabisa kwenye yadi 100 na 200 wanakipenda. Cha pili kinapungua nyuma kama tezi la mashua, na hewa inajifunga nyuma yake kwa utulivu zaidi, kama maji nyuma ya chombo kilichoundwa na fundi anayejua. Chini ya mita 300 faida hiyo haikufikishi mbali. Kwenye mita 900 hutakwenda bila tezi. Ila pembe ya tezi ina siri yake, na nilijifunza kwa fedha yangu.

Niliwahi kununua vichwa 500 vya Sierra vya greni 168, yaani karibu gramu 10.9. Ni kichwa chenye heshima kubwa, kilichobuniwa kwa ajili ya mashindano ya mita 300, na kwenye yadi 300 vilinipa makundi ambayo niliyaonyesha hata kwa watu wasiotaka kuyaona. Nikavipeleka yadi 1,000. Waliokuwa kwenye handaki chini ya shabaha walinipigia simu kuuliza ninapiga nini, kwa sababu matundu mengine yalikuwa marefu kama tundu la kufuli: vichwa vilikuwa vinafika ubavu ubavu. Tezi la kichwa hicho lina pembe ya digrii 13 hivi, kali mno. Kikiwa mbali juu ya kasi ya sauti hakuna neno. Kinapoikaribia kasi hiyo, karibu mita 340 kwa sekunde, hewa nyuma yake huchafuka na kichwa hupoteza mizani. Ndugu yake wa greni 175, ambaye jeshi la Marekani lilimchukua kwa risasi zake za masafa marefu, ana tezi la digrii 9 hivi na huvuka salama. Kosa halikuwa la mtengenezaji. Nilikituma kichwa kazi isiyo yake.

Mwinuko nao una neno. Raton, New Mexico, uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, na hewa ni nyepesi. Kichwa kinachofika huko kimesimama kinaweza kuangukia ubavu Bisley, karibu na usawa wa bahari. Ukisoma sifa za kichwa, uliza zilipatikana wapi.

Pia inayozunguka mara 160,000

Watoto wa kwetu wanaijua pia. Ukiichonga vizuri, inasimama imelala usingizi; ukiacha upande mmoja mzito, inazunguka huku ikitetemeka na kuhamahama. Kichwa ni pia, tena pia ya kutisha. Kikitoka kwa mita 900 kwa sekunde kwenye mtutu wenye msokoto wa inchi 13, maana yake mzunguko mmoja kamili kila sentimita 33, kinazunguka mara 2,700 na zaidi kwa sekunde, karibu 163,000 kwa dakika.

Sasa fanya hesabu hii ndogo. Tuseme koti ni nene kidogo upande mmoja, kwa hiyo kitovu cha uzito hakiko katikati ya umbo. Kimesogea sehemu moja ya mia ya milimita, kama moja ya saba ya unywele. Ndani ya mtutu kichwa kinalazimishwa kuzunguka kwenye katikati ya umbo lake. Kinapotoka kinaachiliwa, na kile kitovu kilichokuwa kikichora duara dogo kinachomoka kwenda upande, kama jiwe la kombeo. Mwendo huo wa pembeni ni sentimita 17 kwa sekunde. Unaonekana mdogo, lakini kwenye mita 100 umeshakutoa sentimita 2, na kwenye yadi 1,000 karibu 17. Na kwa kuwa kila kichwa kinatoka kasoro yake ikiwa imeelekea upande wake, kimoja kitakwenda juu, kingine kushoto, nawe utabaki kulaumu upepo.

Ndiyo maana sehemu ghali ya kichwa kizuri ni koti. Makampuni kama Berger ya Arizona yalijenga jina lao juu ya koti lenye unene uleule mzunguko mzima. Kwa macho hulioni hilo, wala mizani haikuambii, kwa sababu kichwa kinaweza kuwa na uzito sahihi na bado kimeegemea upande. Unalinunua kwa imani ya jina na kulithibitisha kwenye karatasi ya shabaha. Hapa sipendekezi ubahili.

Tazama pia jambo lililojificha ndani ya hesabu ile. Kasoro hiyohiyo, kwenye mtutu wenye msokoto wa inchi 10, ingekutoa sentimita 22 au 23 badala ya 17, kwa sababu kichwa kinazunguka haraka zaidi. Kuzungusha kupita mahitaji ni kukuza kila kosa la fundi. Walengaji wa Palma, yale mashindano ya masafa marefu, wanaotumia kichwa cha greni 155 huagiza mitutu ya inchi 13 wakati maduka yamejaa ya inchi 10 na 12, na hiyo ndiyo sababu yao.

Msokoto hufuata urefu

Basi msokoto upi unatosha? Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, profesa wa hesabu kule Woolwich, alitoa kanuni ambayo bado inafaa kwa kuanzia: zidisha 150 kwa kipenyo cha kichwa mara kipenyo, kisha gawa kwa urefu wake, vyote kwa inchi. Kichwa cha .308 chenye urefu wa inchi 1.2 kinakupa msokoto wa inchi 11.9. Kwa vichwa vinavyopita mita 850 kwa sekunde wengi huweka 180 badala ya 150, na jibu linakuwa 14.2. Inchi 13 iko katikati yao. Zipo hesabu mpya zilizo sahihi zaidi, ila hii unaifanya nyuma ya bahasha.

Angalia kisichokuwamo kwenye kanuni: uzito haumo. Dukani watu huuliza, "Mtutu huu unabeba greni ngapi?" Swali lililo sahihi ni urefu kiasi gani. Kichwa cha shaba tupu, kilichochongwa kwenye mashine bila kiini, ni kirefu kuliko cha madini ya risasi chenye uzito uleule, kwa kuwa shaba ni nyepesi. Mtutu uliokuwa ukikubali cha madini ya risasi unaweza kukikataa cha shaba hali maboksi yote mawili yameandikwa 155. Kichwa kikiwa hakijazungushwa vya kutosha utakiona mapema, hata kwenye mita 100: matundu yaliyorefuka kidogo upande mmoja. Ukiyaona hayo, acha. Hakuna baruti itakayoyaponya.

Mchongoko, upepo na tamaa

Sheria za kimataifa za bunduki ya shabaha zinataka kichwa cha .308 kiwe chini ya greni 156. Kikomo hicho kilizaa ushindani mzuri wa wabunifu. Sierra walitoa kichwa chao cha greni 155 kwa ajili ya mashindano ya Palma ya mwaka 1992 yaliyofanyika Raton. Lapua wa Finland wakaleta Scenar yao. Berger nao wakaja na cha 155.5. Uzito umefungwa, kwa hiyo kilichobaki kushindania ni umbo. Wenzetu wa daraja la F, wanaopiga .308 hiyohiyo juu ya miguu miwili na darubini, hawana kikomo hicho, na wengi wamekwenda greni 185 hadi 200. Usiazime kichwa chao bila kuazima na mtutu wao.

Faida ya umbo jembamba ni upepo. Upepo wa pembeni wa mita 4.5 kwa sekunde, wa kupeperusha kanga kwenye kamba, hukihamisha kichwa cha greni 155 zaidi ya mita 2 kikiwa njiani kwenda yadi 1,000. Kinachoamua kiasi hicho ni muda ambao hewa imekichelewesha, yaani tofauti kati ya muda kilioutumia na muda ambao kingeutumia kama hewa isingekuwapo. Punguza mvuto wa hewa kwa asilimia 5 na umejipunguzia zaidi ya sentimita 10 za uhamisho huo, na kosa linakuwa dogo zaidi kila unapousoma upepo vibaya. Nasi sote tunausoma vibaya.

Watengenezaji hukiandika kipimo cha kupenya hewa ubavuni mwa boksi. Kuwa mwangalifu na herufi iliyo mbele ya namba. Kipimo cha G1 kinalinganisha kichwa chako na kielelezo cha zamani, kifupi, chenye kitako bapa. Cha G7 kinakilinganisha na kielelezo kirefu chenye tezi. Kichwa hichohicho kinapata karibu nusu ya namba kikipimwa kwa G7. Mtu aliyelinganisha 0.45 ya boksi moja na 0.23 ya jingine anaweza kuacha kichwa bora dukani.

Mchongoko unapatikana kwa namna mbili. Ya kwanza ni upinde unaoungana na kiwiliwili taratibu, bila kona, kama shingo ya mtungi inavyoshuka begani. Ya pili ni upinde mrefu zaidi unaokutana na kiwiliwili kwa kona ndogo unayoweza kuihisi kwa kucha. Huu wa pili hukata hewa vizuri, na vichwa vyenye mvuto mdogo sana vilivyoanza kupendwa miaka ya 1980 vilijengwa juu yake. Shida yake ni kwamba vina kisirani. Kichwa chenye upinde laini kikiruka kutoka kwenye ganda kwenda kwenye matuta, hujiweka sawa chenyewe. Upinde unakiongoza hadi katikati. Chenye kona kinafika na ukingo, na kama kimeinama kidogo kinaingia kimeinama. Baadaye wabunifu walichanganya: upinde laini pale panapogusa matuta, upinde mkali mbele yake. Mchanganyiko huo ndio ninaoupenda.

Kwa mlengaji wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu ushauri wangu ni mfupi: chukua kichwa chenye upinde laini hata kama namba ya boksi iko chini kidogo. Koo la mtutu huliwa na moto na kusogea mbele kadiri unavyopiga. Kichwa kivumilivu hakitakuomba uanze upya kila baada ya risasi mia chache. Kile chenye kisirani kitakuomba, na utaipa kazi hiyo wikiendi zako.

Kukikalisha kichwa kwenye ganda

Pima kwanza mahali matuta ya bunduki yako yanapoanzia. Usipime risasi kutoka kitakoni mwa ganda hadi nchani mwa kichwa; zile ncha za vitundu hazilingani, na tofauti ya nusu milimita ndani ya boksi moja isikushangaze. Tumia kilinganishi, kile kipande cha chuma chenye tundu kinachofungwa kwenye kalipa na kushika mchongoko pale panapokaribiana na unene wa matuta. Hicho ndicho kipimo pekee ambacho mtutu wako unakijua.

Kwa kichwa chenye upinde laini anzia na mruko wa nusu milimita kabla ya matuta, jaribu na robo, jaribu na milimita moja. Mara nyingi utashangaa jinsi tofauti ilivyo ndogo. Kwa chenye kona tembea mbali zaidi: robo milimita, milimita moja, mbili, tatu. Mahali pake pazuri huwa pembamba, na panaweza kuwa pale usipopadhania.

Wapo wanaokisukuma kichwa hadi kigusane na matuta. Hilo hufanya kazi kwa vichwa vingine, ila una mambo mawili ya kuangalia. Shinikizo hupanda, kwa hiyo kipimo cha baruti kilichokuwa salama kwa mruko si salama kwa mgusano; rudi chini uanze tena. Pili, mkuu wa uwanja akiamuru bunduki zifunguliwe kabla hujapiga, ganda linaweza kutoka peke yake, kichwa kikabaki kooni na baruti ikamwagika kwenye chemba yote. Siku hiyo mashindano yako yameisha.

Kanuni ya shinikizo ina upana zaidi. Vichwa viwili vya greni 155 vya watengenezaji tofauti si kitu kimoja. Kimoja kina kiwiliwili kirefu kinachosuguana na mtutu zaidi, kingine kina koti gumu, kingine kinazama ndani zaidi ya ganda na kuinyima baruti nafasi. Ukibadilisha kichwa, hata kama uzito haukubadilika, rudi kwenye kipimo cha kuanzia.

Angalia na kijiti cha kukalishia ndani ya kalibu yako. Kinapaswa kukisukuma kichwa kwenye mchongoko, si nchani. Kama kinagusa ncha, kila risasi itakuwa na kina chake. Kama kinaacha pete iliyokwaruzwa kwenye koti, hakilingani na upinde wa kichwa hicho. Watengenezaji wengi huuza kijiti kingine, au fundi wa mashine atakichimbia. Kitako bapa kinataka mdomo wa ganda uliokwanguliwa kingo, la sivyo kitakwanguka chenyewe, na tumeshasema kitako kinapokwanguka kinatokea nini.

Kupanga na kupima

Nunua vichwa vya fungu moja, vya kutosha msimu mzima kama mfuko unaruhusu. Namba ya fungu iko kwenye boksi. Kati ya fungu na fungu kalibu za kiwanda huchakaa na kubadilishwa, na mchongoko unaweza kusogea kiasi cha kuharibu kina ulichokitafuta kwa mwezi mzima.

Kisha panga kwa urefu kutoka kitakoni hadi kwenye mchongoko. Kupanga kwa uzito kunanivutia kidogo. Tofauti ya greni 0.3 kwenye kichwa cha 155 ni asilimia 0.2, ikibadilisha kasi kwa asilimia 0.1, hiyo ni mita moja kwa sekunde, na kwenye yadi 1,000 ni kama sentimita 2 za kwenda juu au chini. Linganisha na baruti iliyokupa tofauti ya mita 3 kwa sekunde: hapo unatafuta sentimita 7. Na linganisha zote na zile mita 2 za upepo zilizotajwa. Kuna watu wanaopima kila kichwa usiku kucha, halafu asubuhi hawatazami bendera. Kunoa ncha kwa kalibu maalumu, kuziba vile vitundu vikafanana, kunalipa zaidi kwa anayepiga mbali, ila usikuguse kabla mengine hayajatulia. Ukibana sana unavimbisha koti nyuma ya ncha na umeharibu kichwa.

Unapojaribu, usiamini kundi la risasi tatu. Tatu zinaweza kuingia tundu moja kwa bahati, na bahati hiyo imeuza baruti nyingi duniani. Piga kumi kwa kila kina, kwenye mita 100, asubuhi tulivu, ukizipokeza: moja ya kina hiki, moja ya kile, ili joto la mtutu na uchovu wa macho vigawane sawa. Vina viwili vikilingana kwa karibu, chagua kile kilicho katikati ya eneo pana linalofanya vizuri, hata kama kundi dogo kabisa lilikuwa pengine. Halafu nenda kwenye umbali mkubwa ukiwa na kronografu, kile kipima kasi. Mita 100 zinakuonyesha mizani ya kichwa na kitako chake. Hazikuonyeshi chochote kuhusu mvuto wa hewa, wala kile kinachotokea karibu na kasi ya sauti. Majibu hayo yako mwisho wa uwanja tu, na tundu la mviringo kamili kwenye yadi 1,000 ndilo cheti chake.

Andika kwenye daftari: jina la kichwa, namba ya fungu, kipimo hadi kwenye mchongoko, umbali wa koo siku hiyo, joto la hewa. Mimi huandika na idadi ya risasi zilizokwisha kupita kwenye mtutu, kwa penseli, pembeni.

Vile vichwa vilivyokataliwa kwenye kioo au kwenye kilinganishi usivitupe. Vifunge kwenye boksi jingine, chora msalaba mkubwa juu yake kwa kalamu nyekundu, uvitumie kwa mazoezi ya kufyatua kwenye yadi 300, na usikubali boksi hilo lipande gari siku ya mashindano.